Mswaki wa Sukari wa Baba Prince

Ukifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutoka upande wa Lodwar, ukauliza nyumba ya Baudouin, mtu mzima atakuuliza Baudouin yupi, maana wako wengi. Uliza mtoto. Mtoto hatasema neno, atakushika mkono akuvute mbio mbio, kwa sababu anajua mgeni wa nyumba ile huonjeshwa, na aliyemleta mgeni naye huonjeshwa.

Baudouin huyu ni mpika peremende. Ni mtu wa Uvira, kule Kongo, mrefu, mwembamba, na vidole vyake vimekuwa vigumu kama kwato kwa kushika sukari ya moto. Anaiyeyusha katika karai, anakamulia ndimu, anatia tangawizi, kisha anaimwaga juu ya bati lililopakwa mafuta. Ikianza kushikana analivuta lile donge, analikunja, analivuta tena, kama mtu anayegombania kamba na ndama. Watoto wamechuchumaa kando kimya. Sijaona kanisa lenye utulivu ule. Peremende zenyewe watu wa kwao wanaziita bombo, na sasa Kakuma nzima inaziita hivyo, hata Wasomali.

Alipokimbia kwao alitoka na mke na karai. Mkewe, Stéphanie, mpaka leo humuuliza ni kipi alichokamata kwanza, na mpaka leo Baudouin hujibu kwamba kulikuwa na moshi mwingi.

Mimi napita pale kila nikija kutoka Lodwar. Sina shughuli ya maana. Nakunywa chai, nasikia habari, naendelea na safari. Siku moja nilikuta chai ipo lakini amani haipo.

"Muzee, karibu, kaa hapa," Stéphanie akaniambia. "Umekuja saa muzuri. Nataka shahidi."

Nikakaa. Ukiambiwa wewe ni shahidi, kaa, usiulize.

"Papa Prince, nasema mbele ya huyu muzee. Jessica walimung'oa meno. Ruben walimung'oa meno, akalia mpaka majirani wakafikiri tumefiwa. Sasa anabaki Prince. Wale madaktari ya meno watakuja ku chekechea mbele ya likizo. Wakikuta tundu mu kinywa ya huyu mutoto, hata kama ni ya kupitisha sindano, hii karai nitapikia maharagi mpaka siku Yesu anarudi."

"Mama Prince, karai ya bombo haiwezi kupika maharagi."

"Itajifunza."

Baudouin akanitazama. Mimi nikatazama chai. Prince mwenyewe, ambaye ni kitinda mimba na mfalme wa nyumba, alikuwa mlangoni na shavu moja limevimba kwa bombo, akitusikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine.

Kwa Baudouin ile karai si chombo tu. Ndiyo jina lake. Bila karai ni mwanamume mrefu tu aliyekaa nje ya nyumba, na wanaume warefu waliokaa nje ya nyumba Kakuma wanatosha. Basi kesho yake alikwenda kumtafuta Nyadak, Ruben akimfuata nyuma.

Nyadak ni mhudumu wa afya wa mtaa wao, binti wa Kinuer kutoka Sudan Kusini, mwenye mkoba mgongoni na subira nyingi. Baudouin alimwomba dawa ya meno iliyo kali kuliko zote duniani. Nyadak hakumpa. Alimwita Ruben, akamfunua mdomo, akamwonyesha baba yake michirizi ya kahawia kwenye meno ya mbele.

"Unaona hii rangi? Hii si kuoza. Ni maji ya kisima mnachochota, yana floraidi nyingi. Kidogo ni nzuri, inakaza jino. Ikizidi inalipaka rangi. Na Prince akipewa dawa ya meno anaimeza kama uji, nimemwona. Usimwongezee floraidi nyingine mpaka daktari amwangalie."

"Sasa nimupe nini?"

"Mpe chakula. Akimaliza, mpe maji asukutue. Halafu mswaki, hata huu wa mti. Halafu umwache! Meno yanataka kupumzika, Baba Prince. Bombo moja baada ya chakula si vita. Bombo ya kutwa nzima, inaingia hii inatoka hii, hiyo ni vita, na meno hayana bunduki."

Maneno mazuri, yamepangwa vizuri. Lakini sikio la mtu ni kama chujio la chai, linabakisha linachotaka. Baudouin alifika nyumbani na maneno mawili tu: mswaki, mti.

Mti wa mswaki sisi Waturkana tunauita esekon, na kando ya mto Tarach umejaa. Baudouin alichukua panga akateremka mtoni. Hapo ndipo alipofanya kosa la mgeni. Ile miti ya mtoni ukiitazama utafikiri ni ya ndege. Sivyo. Kila kipande kina wenyewe, tangu zamani, na kipande hicho kinaitwa ekwar. Mbuzi wa mwenye ekwar wanakula pale, na anayetaka hata tawi hubisha hodi kwanza. Baudouin hakuona mlango, akakata.

Akiwa ameinama akasikia sauti nyuma yake.

"Ejoka."

"Ejok, mama," akajibu, maana salamu anaijua.

Alikuwa Akoru, mama mzee anayeuza maziwa ya mbuzi sokoni, shanga zimepanda mpaka chini ya kidevu, fimbo mkononi. Meno mawili ya mbele ya chini hana. Alitolewa akiwa msichana, kama ilivyokuwa desturi. Lakini yale mengine, Bwana wee, meupe kama maziwa anayouza.

"Unakata nini?"

"Muswaki tu, mama. Muti ya Mungu."

"Mungu alipanda. Babu ya bwana yangu akachunga. Mungu mwenyewe hajakuja kukata, na wewe nakata."

Baudouin akaona aibu mpaka kwenye vidole. Mtu mwenye adabu angekuja na tumbako mkononi, akae, aulize habari za mbuzi, ndipo mambo ya tawi yafuate. Yeye hakuwa na tumbako. Akapapasa mfukoni, akatoa bombo, akampa kwa mikono miwili.

Akoru akainusa. Akaitia kinywani. Akafumba macho. Lile pengo la chini likaanza kupiga mluzi mwembamba, fiii, kila alipovuta mate, na mbuzi wawili wakageuka kumtazama wakidhani wanaitwa.

"Kata," akasema mwisho. "Lakini usikate mkono yake. Kata vidole. Na kesho nakuja kwako."

"Kufanya nini, mama?"

"Kuomba ingine. Si sasa wewe ni rafiki?"

Kwetu kuomba si aibu. Adui humwombi kitu. Tangu siku ile Akoru akawa mtu wa nyumba ile, anafika na kibuyu cha maziwa, anadai bombo yake, anakaa na kupiga mluzi. Watoto wakamwita Koko Akoru, ndiyo bibi kwa Kiswahili chao cha Kongo. Baudouin alimuuliza siri ya meno yake. Akajibu kwamba ni kwa sababu mwezi ukiandama hutema mate kuelekea kwake. Baudouin akajaribu, upepo ukamrudishia. Hiyo tukaiacha.

Sasa mswaki. Baudouin alichonga kijiti kizuri, akakitafuna ncha mpaka ikawa brashi, akampa Prince. Mtu ambaye hajawahi kutafuna esekon aelewe hivi: mti ule una ukali, unapanda puani kama pilipili iliyokasirika. Prince aliutia mdomoni, macho yakatoka, akautema kwa nguvu hadi ukampiga jogoo. Jogoo akakimbia. Prince naye akakimbia upande wa pili.

Alijaribu kumbembeleza. Alijaribu kumwimbia. Alijaribu kumshika, na mtoto akawa samaki. Baudouin akakaa chini kando ya karai yake, sukari ikichemka polepole, kijiti mkononi, akili imechoka. Mtu akiwa na shida hurudi kwenye kazi anayoijua. Fundi seremala angepiga msumari. Baudouin alikitazama kijiti, akaitazama sukari, akakichovya.

Kilipopoa kikawa na kofia ya dhahabu, inang'aa. Prince akakipokea, akakilamba, akakinyonya, akakitafuna, akasema, "Papa, ingine."

Baudouin akatokwa na machozi. Mwanawe anapiga mswaki! Na anaomba mwingine!

Asubuhi iliyofuata watoto wa jirani walimwona Prince, nao wakataka. Baada ya muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa na vijiti midomoni. Watoto walipiga mswaki wakienda shule, wakipiga mpira, wakiteka maji, wakichapwa. Akina mama walikuja kumshukuru. "Huyu wangu alikuwa anakimbia mswaki kama sindano, sasa anaamka anaudai!" Mchungaji wa kanisa lao akasimama madhabahuni akawaambia vijana waige mfano wa wadogo wanaotunza hekalu la mwili bila kuamrishwa. Baudouin alikuwa kwenye benchi la mbele, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mimi mwenyewe nilikuta mswaki mmoja Lodwar, upande wa Nawoitorong, ambako baba mmoja dereva wa lori alikuwa amempelekea mwanawe zawadi. Nikamwona yule mtoto anasugua meno tangu nilipokaa hadi nilipoinuka, nikasema moyoni, kumbe dunia inastaarabika. Kisha nikaona nyuki watatu wanamfuata. Nikashangaa kidogo, lakini mimi si mtu wa kuuliza nyuki maswali.

Wadudu wa Kakuma ndio waliofichua siri. Asubuhi moja Stéphanie alikuwa anafagia, akaona sisimizi wamepanga mstari kutoka mlangoni, wanapita chini ya kitanda, wanapanda ukutani, wanaingia ndani ya mkebe wa miswaki. Akatoa kijiti. Akakilamba. Akakilamba tena, kisha akaita kwa sauti ambayo majirani wanasema waliisikia.

"Papa Prince."

"Naam."

"Kuja ulambe."

"Mimi ninajua ladha yake, mama."

"Lamba mbele ya sisimizi. Wakuone."

Akalamba. Nyadak akaitwa. Alipoelezwa alicheka mpaka akavua mkoba, akaketi juu yake, akaendelea kucheka akiwa amekaa. Kisha akapangusa macho, akawa mhudumu tena.

"Baba Prince, wewe umechukua fagio, ukalichovya matope, ukafagia nyumba nzima. Mwishowe ukafagia na nyumba za majirani."

Akamfunua Prince mdomo, akamgeuza kwenye mwanga. Hapo hakucheka. Kwenye gego moja la nyuma kulikuwa na doa jeupe, kama chokaa.

"Hapa jino limeanza kuchoka. Si tundu bado. Mkiacha haya mambo sasa hivi, linaweza kutulia. Mkiendelea, wale madaktari watakuta shimo."

Stéphanie aliichukua karai, akaisugua kwa mchanga, akamimina maji, akaloweka maharagwe. Eti anaifanyisha mazoezi.

Nilifika siku hizo, nikakuta msiba. Baudouin amekaa nje, mrefu, mikono haina kazi. Prince amegoma, kijiti kisicho na sukari hakitaki hata kukiona. Na Akoru amekuja kuomba bombo yake kama kawaida, amekuta karai ina maharagwe. Akaichungulia kwa muda mrefu. Sijui nani alikuwa na huzuni zaidi kati yao.

"Mama Prince," akasema Akoru, "hii karai nagonjwa?"

Akaelezwa yote, hatua kwa hatua. Habari ya mti wake kuvikwa sukari ilimuudhi kidogo, akasema ni kama kumvika mbuzi suruali. Kisha akauliza, "Lakini nyinyi naomba mtoto atafune? Mkubwa naomba mtoto?"

"Sasa tufanye nini, Koko?" akauliza Baudouin.

"Mnyime."

Tukamtazama.

"Mnyime tu. Mtoto ukimpa, natupa. Ukimnyima, nakuja."

Basi tukakaa kivulini kwenye ukuta, Akoru, Baudouin na mimi, kila mtu na kijiti chake kikavu cha esekon, hakina sukari wala chochote. Tukatafuna. Tukatema. Tukasema "mmm" na kutikisa vichwa kama watu wanaojua jambo. Baudouin alikuwa mgeni kwenye shughuli ile, machozi yalimtoka na fizi zikamwasha, lakini karai ilikuwa mbele yake imejaa maharagwe, akavumilia. Prince akatoka mlangoni. Akasogea. Akasogea tena.

"Papa, nipe."

"Hapana. Hii ya bakubwa."

"Koko, nipe."

"Omba kesho," akasema Akoru bila kumtazama.

"Muzee?"

Nami nikamnyima, Mungu anisamehe, na nilifurahia.

Mtoto akalia. Siku iliyofuata akaja tena, akanyimwa tena. Siku iliyofuata hiyo hakuomba, alikaa tu kati yetu, akatema mate matupu ili awe kama sisi. Hapo ndipo Akoru akavunja kipande kidogo kuliko kidole cha mtoto, akampa kwa shingo upande, kama mtu anayetoa ng'ombe. Prince akakitia kinywani. Ukali ukampanda. Macho yakajaa maji. Lakini alikuwa mwanamume kati ya wanaume na mama mmoja mzee, hakutema. Akasema, "Mmm."

Tangu pale hakuna aliyeweza kukitoa kile kijiti mdomoni mwake. Stéphanie alimpa chakula, akampa maji asukutue, na bombo haikuwepo. Mambo yote aliyoyasema Nyadak mwanzoni, yaani. Tulizunguka tu mtoni kwanza.

Siku ya madaktari ikafika. Chekechea ile ina viti vidogo sana, na daktari, dada mmoja mnene mwenye sauti laini aliyetumwa kutoka bara huko, alikuwa amekalia kimojawapo, magoti karibu na masikio. Wazazi walijaa dirishani, nami nikajibana kati yao, maana safari nilikuwa nimeiahirisha. Stéphanie alikuja na karai kichwani, ili hukumu isichelewe. Baudouin alikuwa anaiangalia ile karai kuliko alivyomwangalia mtoto.

Prince akaitwa. Akasimama mbele ya daktari na kijiti chake mdomoni.

"Hujambo, Prince. Nipe hicho nikushikie."

"Hapana."

"Nitakurudishia."

"Hii ya bakubwa."

"Mimi pia ni mkubwa, jamani."

Prince akampima kutoka juu hadi chini. "Omba kesho."

Dirisha zima likacheka. Daktari akajaribu kijiko, akajaribu kioo, akajaribu kumtekenya. Mtoto ameuma meno na mdomo umefungwa kama jerikeni. Daktari akashika kalamu, akasema huyu itabidi ampeleke hospitali wakamwangalie huko taratibu, na hapa ataandika tu kwamba hakuonekana.

"Hakuonekana ni maharagi," akasema Stéphanie dirishani.

Baudouin akashika nondo za dirisha. "Prince! Mwanangu! Fungua! Papa anakuomba!"

Ndiyo kwanza mtoto akazidi kuyauma meno.

Akoru hakuuliza ruhusa ya mtu. Aliingia kwa mlango, akamsalimu daktari, akavunja kijiti chake katikati, akampa nusu. "Shika. Usiombe mtoto. Tafuna yako."

Daktari alikuwa mtu wa adabu. Mama mzee amekupa kitu kwa mkono wake, utakataaje? Akatia mdomoni, akatafuna kwa nguvu kama mtu anayetafuna muwa. Ukali ukampata sawasawa. Akakohoa, akapiga chafya, kiti kikalia kwaa, kikaenda upande, naye daktari akaenda na kiti, akaketi sakafuni macho yamejaa machozi.

"Mmm," akasema, kwa sababu alikuwa na roho nzuri.

Prince akacheka. Akacheka kwa kichwa kurudi nyuma, mdomo wazi mpaka kimio kikaonekana, kijiti kikaanguka. Na yule daktari, pale pale sakafuni, akawasha kurunzi yake ndogo akaimulika ndani. Alitazama juu. Alitazama chini. Mtoto alipoanza kunyamaza, Akoru akamsukuma daktari kidogo ili apige chafya nyingine.

"Hakuna tundu," akasema daktari. "Kuna jino moja lilianza kuchoka, lakini limetulia. Mwendelee hivyo hivyo mnavyofanya."

Baudouin alipiga kelele ambayo sijui ni ya lugha gani. Stéphanie akateremsha karai kutoka kichwani, akamkabidhi kwa mikono miwili, na kabla hajaiachia akasema, "Baada ya chakula. Mutoto ambaye hajakula, hapati. Akipata, anasukutua. Ukivunja sheria hii, Papa Prince, sitakuita tena mbele ya sisimizi, nitakuita mbele ya mchungaji."

Akakubali. Angekubali lolote.

Ukienda leo utamkuta pale pale, karai juu ya moto, lakini hauzi mpaka adhuhuri, watu wakishakula. Watoto wanapanga foleni, na yeye anainama kwa kila mmoja, anawaambia, "Sema haaa," anawanusa vinywa. Wapo wanaojipaka ugali kidevuni wakidhani hatatambua. Anatambua. Anawarudisha nyumbani wakale kweli, na akina mama wanasema hawajawahi kuona watoto wanakimbilia chakula namna hii. Nilipopita mara ya mwisho, Akoru alikuwa kwenye foleni, nyuma ya mtoto mmoja mfupi.

"Sema haaa, Koko."

"Haaa."

Baudouin akanusa, akarudi nyuma. "Hiyo ni tumbako."

"Tumbako ni chakula."

Baudouin akageuka kumtazama Stéphanie. Stéphanie akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na sahani ya ugali na dagaa. Akoru akaipokea, akakaa chini papo hapo ili asipoteze nafasi yake kwenye foleni, akaanza kula haraka haraka, huku anawazuia watoto kwa fimbo wasimpite.